Atuambie Mpira Uko Wapi

Katika kazi zote za kupasha habari, naona ni moja tu iliyowekewa masharti makali tangu siku zake za mwanzo, nayo ni kazi ya kutangaza mpira kwa redio. Kwa kuwa mtangazaji wa mpira husema na mtu asiyeona kitu, aliyekaa mbali na uwanja, asiye na kitu ila sikio lake, na ambaye kila neno atakaloambiwa atalichukua kuwa ndiyo hali yenyewe. BBC ilipotangaza mchezo wa ligi moja kwa moja kutoka uwanjani, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal ilipokutana na Sheffield United mjini London, gazeti la Radio Times lilichapa mchoro wa kiwanja kilichogawanywa miraba yenye nambari, na kando ya mtangazaji Teddy Wakelam aliketi mtu wa pili ambaye kazi yake ilikuwa kutaja nambari ya mraba uliofikwa na mpira. Msikilizaji alikunjua gazeti mapajani, akasikia nambari, akajua. Taabu hiyo yote ilichukuliwa kwa sababu waasisi wa kazi ile walifahamu jambo ambalo sasa limeanza kusahauliwa, ya kwamba kabla ya furaha, kabla ya sifa, kabla ya kelele za bao, msikilizaji anadai haki moja, nayo ni kuambiwa mpira uko wapi.

Kazi hiyo ilipofika kwetu ilipata lugha iliyoistahiki. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika 1951, ikageuka shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Na maadamu televisheni haikuanza Bara mpaka 1994, ijapokuwa Unguja ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, kizazi kizima cha watu wa Bara kiliujua mpira kwa masikio. Mabao sita ambayo Simba iliifunga Yanga bila kujibiwa mwezi wa Julai 1977, matatu kati yake yakiwa ya Abdallah Kibadeni, yangali yakisimuliwa vibarazani hata leo na watu ambao aghalabu yao hawakuwamo uwanjani siku ile: waliyasikia redioni, au walisimuliwa na waliosikia, na bado wanayaeleza kana kwamba walisimama nyuma ya lango. Huo ndio uwezo wa mtangazaji aliyeijua kazi yake. Ahmed Jongo na Charles Hilary katika Radio Tanzania, na Leonard Mambo Mbotela katika Sauti ya Kenya, walikuwa watu wa kuazimwa macho. Na aliyeazima alirudishiwa kitu kizima.

Adabu ya kazi ile ilikuwa na sharti zake. Mtangazaji alitaja nani ametoa mpira na nani ameupokea, upande gani wa uwanja, karibu au mbali na lango. Alirudia matokeo na dakika kila baada ya kitambo kidogo, kwa kuwa alijua ya kuwa wako waliofungua redio sasa hivi, waliotoka shamba au sokoni, wasiojua la mbele wala la nyuma. Na bao lilipoingia alisema limeingia, hata kama limeingia katika lango la timu aliyoipenda tangu utoto wake. Mapenzi alikuwa nayo, kwani hakuna mwanadamu asiyekuwa nayo, lakini aliyaweka chini ya amana aliyopewa. Shabiki wa Yanga na shabiki wa Simba waliweza kukaa mbele ya redio moja, wakasikia sauti moja, mmoja akalia na mmoja akacheka, na wala yule aliyelia hakumdhania mtangazaji kuwa amemdhulumu. Nalitaja jambo hili kwa sababu silioni tena mara nyingi, na kutoonekana kwake kunanihuzunisha zaidi ya matokeo ya mchezo wowote.

Televisheni ilipokuja, watangazaji wengi walidhani wamefunguliwa kutoka katika sharti zile, kwa hoja kwamba mtazamaji anaona mwenyewe. Hoja hiyo ina upungufu. Mtazamaji anauona mpira, lakini haoni sababu. Haoni kwa nini beki wa kulia hakurudi, kwa nini kiungo amesogezwa mbele katika kipindi cha pili, kwa nini kocha ametoa mshambuliaji aliyekuwa akicheza vizuri, wala kwa nini mwamuzi amekataa bao ambalo uwanja mzima umekwisha kulishangilia. Wajibu wa mtangazaji haukuondolewa na picha. Ulisogezwa tu kutoka kwenye mahali pa mpira kwenda kwenye maana ya mchezo, na huko ni kugumu zaidi, kwa kuwa kunataka elimu na matayarisho. Badala ya kwenda huko, wengi wamekwenda kwenye ushabiki, ambao hautaki elimu wala matayarisho. Siku hizi mchambuzi huketi studio na kujulikana kwanza kwa timu anayoishabikia, kana kwamba ndiyo shahada yake. Akiulizwa kwa nini timu fulani imefungwa, hujibu kwa kutaja gari alilonunua mlinda mlango wake, au ugomvi wa rais wa klabu na mhamasishaji wake, au fununu ya usajili iliyosemwa na mtu ambaye hakutajwa. Na saa nzima hupita bila neno hata moja juu ya mchezo uliochezwa. Wasemaji wa vilabu, ambao kazi yao kwa haki ni kuvisemea vilabu, wamepata umaarufu unaoshinda ule wa wachezaji, na vituo vinawaalika kama wanazuoni, ilhali wao hawakuficha kamwe kwamba wanalipwa kusema mazuri ya upande mmoja.

Sidharau fedha zilizoingia. Mkataba wa haki za matangazo ya televisheni uliotiwa sahihi mwaka 2021 baina ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media, wa miaka 10 na wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, umevifanya vilabu vidogo, ambavyo zamani vilisafiri kwa michango na madeni, viwe na mapato ya kutegemea, na umewafanya vijana wa mikoa ya mbali waonekane na macho yanayoweza kuwasajili. Hiyo ni heri, na mtu wa insafu lazima aikiri. Lakini pamoja na heri hiyo imekuja fedha ya michezo ya kubashiri, ambayo mwaka 2017 ilifika hata kuvivisha vilabu vyote viwili vya watani wa jadi, Simba na Yanga, jezi zenye jina la kampuni moja ya kubeti. Na mtangazaji anayesoma viwango vya kubashiria katikati ya mchezo, akimhimiza kijana asiye na kazi aweke shilingi zake kabla ya kipindi cha pili, amekwisha kuacha kumtumikia msikilizaji na ameanza kumtumia. Hapo sina la kuombea radhi wala la kulainisha. Ningependa kuona kazi hizo mbili zikitengwa kabisa, matangazo ya biashara yakasomwa na mtu mwingine, kwa sauti nyingine, mpira ukiwa umesimama.

Huenda msomaji akaniuliza mbona naulilia mpira hivi, nao ni mchezo. Nitamjibu kwa kumkumbusha asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 mjini Nairobi, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali ya Kenya. Walipoiteka Sauti ya Kenya hawakuridhika kusoma tangazo lao wenyewe. Walimfuata Mambo Mbotela, wakamlazimisha kwa bunduki alitangazie taifa kwamba serikali imeondoka. Walikuwa na silaha, walikuwa na mitambo, na juu ya hayo waliona kwamba hawajatimiza kitu mpaka wapate sauti ile ambayo watu walizoea kuiamini ikisema kona imepigwa na mlinda mlango ameudaka. Imani ile haikujengwa kwa taarifa za serikali. Ilijengwa jioni kwa jioni, kwa mpira na kwa kipindi chake cha adabu za watu, mpaka ikawa mali ya thamani ambayo hata waasi waliitamani. Na jaribio lile likashindwa kabla ya siku kwisha, mzee yule akarudi kazini, na watu wakaendelea kumwamini mpaka alipofariki Februari 2025, kwa kuwa walijua kwamba siku ile hakusema yeye, ilisema bunduki. Basi anayedhani ya kuwa utangazaji wa mpira ni jambo dogo na afikiri tena: ndiko raia wengi walikojifunza kwa mara ya kwanza kumwamini au kutomwamini mtu anayesema nao asiyeonekana.

Na raia huyo huyo, kwa masikio yale yale, ndiye anayesikiliza uchaguzi.

Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikuwa, kwa jambo moja, mfano wa kuigwa katika bara zima. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka hadharani, katika tovuti iliyokuwa wazi kwa kila mtu, picha za fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais kutoka katika kila kituo cha kupigia kura, na vituo vilikuwa 46,229. Kwa siku chache tu karibu fomu zote zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mwanafunzi mwenye kalamu na daftari, kama angekuwa na subira, angeweza kujumlisha mwenyewe. Haya yaliwezekana kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua Juni 2017 kwamba matokeo ya urais yakitangazwa katika ngazi ya jimbo ndiyo ya mwisho, wala hayapasi kubadilishwa Nairobi. Na kwa sababu Mahakama ya Juu, mwezi wa Septemba mwaka ule ule, ilibatilisha uchaguzi wa urais na kuifanya tume ione umuhimu wa kuweka kila kitu mwangani. Ushahidi, kwa hiyo, ulikuwapo. Lililokosekana ni mtu wa kuusoma kwa adabu.

Vituo vya televisheni vilichukua fomu zile, kila kimoja kwa mpango wake, kingine kikianza na majimbo ya huku na kingine na majimbo ya kule, vikaweka kiooni nambari mbili kubwa kama zile za mabao na kutangaza nani yuko mbele. Ikawa kituo kimoja kinasema fulani anaongoza, na kingine, saa ile ile, kinasema anayeongoza ni mwenzake; watu wakawa wanahama kutoka kituo hadi kituo wakitafuta ile hesabu inayopendeza nafsi zao; na baadaye baadhi ya vituo vikaacha kuhesabu katikati, bila maelezo ya kutosha, vikawaacha wananchi na kimya ambacho kila mmoja alikijaza kwa dhana yake. Tarehe 15 Agosti, tume ilipotangaza katika ukumbi wa Bomas of Kenya kwamba William Ruto amepata asilimia 50.49 na Raila Odinga 48.85, makamishna wanne wakiwa wameyakana matokeo hayo, taifa lilikuwa limekwisha kukaa siku kadhaa likitazama kitu kilichofanana na mchezo, ilhali hapakuwa na mchezo wowote.

Hili ndilo jambo ambalo nataka kulisema kwa uwazi wote niwezao. Katika mpira, aliye mbele katika dakika ya 60 yuko mbele kweli. Amefunga, na mwenzake hajafunga, na lililobaki halijatokea. Katika kuhesabu kura hakuna lililobaki kutokea. Vituo vimekwisha kufungwa, kura zimo masandukuni, mshindi amekwisha kushinda na mshindwa amekwisha kushindwa, ingawa hakuna amjuaye. Mchele umekwisha kutiwa guniani na mdomo umeshonwa. Anayeupima pishi kwa pishi haongezi punje wala hapunguzi, na mtu akianza kupima upande uliotiwa mchele wa Mbeya, asiseme kwamba gunia zima ni la Mbeya. Mgombea haongozi saa tatu usiku na kupitwa saa sita. Kinachobadilika ni mpangilio wa fomu zilizokwisha kusomwa, na mpangilio huo unategemea barabara, mitandao ya simu, ukubwa wa majimbo na uamuzi wa mhariri. Kuutangaza mpangilio huo kwa shauku ya dakika za lala salama ni kumwambia asiyeona kwamba mpira uko mahali ambapo haupo.

Na ubaya wake si wa kukisia. Baada ya kura za tarehe 27 Desemba 2007, Wakenya walionyeshwa kwa siku mbili Raila Odinga akiwa mbele kwa tofauti kubwa, kisha wakaonyeshwa tofauti ile ikipungua, kisha ikatoweka, na jioni ya tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa kuwa mshindi na kuapishwa kabla ya giza kutanda. Na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tume ya uchunguzi ya Jaji Kriegler ilisema mwaka 2008 kwamba uchaguzi ule uliharibiwa kiasi cha kutowezekana kujua nani aliushinda. Sidai, basi, kwamba hapakuwa na hila. Zilikuwako, tena za pande nyingi. Nadai jambo jingine, nalo ni kwamba raia aliyekuwa akitazama hakupewa kipimo chochote cha kutenganisha upungufu wa tofauti unaoletwa na fomu za mikoa mingine kufika, ambao ni wa halali, na upungufu unaoletwa na wino wa mwizi. Aliambiwa nambari, hakuambiwa nambari zile zimetoka wapi, zimebaki vituo vingapi, na vilivyobaki viko katika ngome ya nani. Alipoona nambari zikigeuka, alihisi kitu chake kimechukuliwa mkononi mwake. Watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki iliyozichunguza, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Walioua ndio walioua, na walioiba ndio walioiba, wala siwapunguzii mzigo wao. Lakini sisi wa kazi ya habari tuna fungu letu katika msiba ule, nasi hatujalilipa.

Kampeni nazo zina neno lake. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo la Tanganyika liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Na sheria ikawataka wasimame katika mikutano ile ile, mbele ya watu wale wale, waseme kwa Kiswahili, wasiombe kura kwa kabila wala dini wala rangi, na wala mmoja asijitape kwamba Mwalimu Nyerere yuko upande wake. Sitamani chama kimoja kirudi. Nchi ambayo mpinzani hana ruhusa ya kusimama imejinyima nusu ya akili zake. Hata hivyo ule utaratibu wa kuwasikia wawili katika jukwaa moja, saa moja, kwa masharti sawasawa, ulikuwa na uadilifu ambao vyama vingi, vilivyorejea mwaka 1992, havikuupata mpaka leo. Watu walisikiliza, wakapima, na Waziri wa Fedha mwenyewe, Paul Bomani, akakosa kiti chake. Leo mkutano wa kampeni huanza kwa saa mbili za muziki, mwanamuziki akashangiliwa kuliko mgombea, mgombea akasema kwa robo saa, na jioni taarifa ya habari ikaonyesha ukubwa wa halaiki na rangi za fulana. Wingi wa watu waliokuja kumsikiliza msanii hauthibitishi kitu juu ya sera ya maji. Simlaumu msanii kwa kuingia siasani, kwani Joseph Mbilinyi alitoka katika muziki akawawakilisha watu wa Mbeya Mjini bungeni kwa miaka kumi, na Joseph Haule akawawakilisha watu wa Mikumi, nao walikuwa na haki hiyo kama mwalimu au mkulima. Namlaumu mwandishi anayekwenda mkutanoni na kurudi na hesabu ya vichwa, bila swali hata moja lililoulizwa.

Kwa kuwataja wasanii nimefika kwenye habari za watu mashuhuri, na najua wako wazee wenzangu watakaosema ya kwamba huko ni kwenye taka, hakufai kukanyagwa. Sikubaliani nao. Mtu mashuhuri ni kioo ambacho jamii hujitazamia, na habari zake, zikisemwa kwa staha, ni sehemu ya tarehe yetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini wa kufinyanga vyungu. Mwaka 1928 alivuka mpaka Bombay akarekodi sahani za santuri zilizomfanya asikike kutoka pwani mpaka ndani ya bara. Na alipofariki mwaka 1950 alikuwa ameacha jina lisilofutika. Alikuwa na mahasidi, tena wengi, waliomdhihaki kwa asili yake na kwa sura yake. Uvumi wa mjini ulikuwako siku zile kama ulivyo leo. Shaaban Robert alipokaa naye na kuandika wasifu wake, aliyakuta hayo yote, naye aliyapita kwa haki yake kila moja, akauliza alikotoka, alivyojifunza, alivyolipwa, aliowasaidia, na kazi yake ilivyowagusa watu. Na hata leo yeyote anayetaka kumjua mwimbaji yule huanzia katika kitabu kile, wala hakuna anayekwenda kutafuta dhihaka za mahasidi.

Siti mwenyewe alikuwa mpasha habari. Wimbo wa Kijiti ulieneza kisa cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja, na jinsi mtuhumiwa alivyovuka bahari kukimbilia Bara, ilhali wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu ndio waliotiwa hatiani mahakamani. Kilikuwa kisa cha aibu, cha ulevi na damu, na magazeti ya udaku ya leo yangekigombania. Lakini wimbo ule uliposikilizwa, mtu alibaki na swali juu ya nani amedhulumiwa na nani ameponyoka. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Udaku wa leo unajua nani ameachana na nani, unajua rangi ya nguo ya harusi iliyovunjika, unajua hata jina la mtoto mchanga kabla ya ndugu zake kulijua, na hausiti kumpiga picha. Lakini mwulize msomaji wake ni kiasi gani cha mirabaha anachopata mwimbaji huyo redio inapoupiga wimbo wake, au mkataba wake na lebo yake unamwachia nini akitaka kuondoka, naye hatakuwa na la kujibu, kwa kuwa hakuandikiwa. Wasanii wetu wamekufa maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila siku, na sisi tulikuwa tukiandika juu ya wachumba wao. Neno hili linaniuma, na natamani liwaume wahariri wote.

Steven Kanumba alipofariki mjini Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, maelfu walijaa katika viwanja vya Leaders Club kumuaga, na huzuni yao ilikuwa ya kweli, kwa sababu filamu zake zilikuwa zimeingia majumbani kuanzia Tanzania hadi Kongo na Burundi. Msiba mkubwa kama ule ulistahiki uandishi mkubwa. Badala yake, kwa wiki na miezi, kurasa zilijaa tetesi za usiku ule, na mwigizaji kijana aliyehusishwa na kifo kile akahukumiwa kila siku na watu ambao hawakuwapo wala hawakuona ushahidi. Mahakama Kuu haikutoa hukumu yake mpaka Novemba 2017, baada ya zaidi ya miaka mitano. Hukumu ya mahakama ilikuja na sababu zilizoandikwa. Hukumu ya mtaani haikuwa na sababu, na haina mahali pa kukatiwa rufaa. Huo nao ni utangazaji wa kusema mpira umeingia, ilhali mtangazaji mwenyewe amekaa nje ya uwanja, ukuta ukiwa mbele yake.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuchezwa katika nchi zetu tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, kwa mara ya kwanza tangu michuano hiyo ianzishwe. Na katika mwaka huo huo, Jumanne ya pili ya Agosti, kama Katiba ya 2010 inavyoamuru, Wakenya watapiga kura. Studio zitakuwa zile zile, na aghalabu sauti zitakuwa zile zile. Wahariri wana muda wa kutosha wa kukaa pamoja na kukubaliana ya kwamba hakuna nambari ya kura itakayowekwa kiooni pasipo kuandikwa kando yake ni vituo vingapi vimesomwa, vingapi vimebaki, na viko kaunti zipi. Ya kwamba fomu zitasomwa kwa mpango mmoja uliotangazwa mapema, ukichanganya kaunti zote tangu saa ya kwanza. Na ya kwamba kituo kitakachoacha kuhesabu kitamwambia mtazamaji sababu, kwa maneno kamili, saa ile ile. Mpango huo unaweza kujaribiwa katika chaguzi ndogo, ambako kosa ni dogo na hurekebishika. Gharama yake ni mishahara ya makarani wachache na wiki kadhaa za mafunzo, nayo ni nafuu sana kwa vituo vilivyokwisha kupata fedha za kujenga studio za kioo kwa ajili ya wachambuzi wa mpira.